Suruali Niliyoifumua Mara Nne

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nina siri ambayo mke wangu anaishangilia bila kujua ni nini.

Mimi ni fundi cherehani, baba wa mabinti watatu, na tangu ujana wananiita Uzi kwa wembamba wangu. Mwaka ule wa korona nililazwa siku ishirini na moja, mashine ya oksijeni inavuma kichwani, nami usingizini nilikuwa nashona kitambaa cheupe kisicho na mwisho, nakisukuma, kinapita, nakisukuma, na nilisikia raha kweli, sikutaka kuamka. Nikaamka. Nikarudi nyumbani mifupa mitupu, mke wangu akawa ananiogesha huku analia, na daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba ugonjwa umeujeruhi moyo na figo, kwa hiyo nirudi kila miezi mitatu kupimwa damu, mkojo na presha. Nilirudi mara moja tu.

Kisha nikaanza kujaa. Suruali ikabana kiunoni, nikafumua mshono wa nyuma nikaongeza inchi moja, kazi ya dakika kumi kwa fundi, baada ya wiki chache ikabana tena nikaongeza tena, nikapanua na miguu, mara nne sasa, na mke wangu anawaita majirani waje kuona, akanipapasa shavu akaniambia:

"Mume wangu, sasa umenirudia."

Ningemwambiaje, mshauri? Jioni nikivua soksi zinaacha mfereji, nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Mkojo una povu. Ngazi za dukani ni saba, napumzika ya nne. Mgongo ukiuma nameza vidonge vya maumivu. Na mchana, jua likiingia dirishani na vumbi la pamba likielea, kile kitambaa cheupe kinarudi, nakisukuma, kinapita, hadi mteja anigonge begani. Nimejipima kifundo cha mguu kwa futi ya kupimia: asubuhi inchi kumi, jioni kumi na moja na nusu. Nimeandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, bila jina.

Sasa suruali haina tena kitambaa cha kuongeza. Binti yetu mkubwa anaolewa mwezi ujao, na mke wangu anataka nijishonee suti ya mwili mpya. Nimwambie, au ningoje harusi ipite?

Ni mimi, Uzi.

Uzi, pole sana, na ukishapokea pole kaa vizuri nikugombeze.

Mteja akija na nguo inayobana, unampima mwili kwanza. Wewe umejipima, namba umeziona kwa macho yako, kisha ukaenda kutibu suruali! Huo si unene, baba, ni maji. Moyo ulioumia na figo zilizochoka hushindwa kuyatoa, yakajaa miguuni, yakapanda hadi kifuani, ndiyo maana ngazi ya nne inakushinda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha kwa ufundi kabisa.

Usingoje harusi. Kesho asubuhi uwe hospitali, na lile daftari mkononi, umwonyeshe daktari vipimo vyote na umtajie vidonge vya mgongo. Hivyo uviache leo, vinaweza kuziumiza figo. Chumvi punguza. Usijinyweshe maji kwa fujo eti unasafisha figo, muulize daktari kiasi. Na ukilala ukakosa pumzi, au kifua kikibana, usisubiri kupambazuke.

Hicho kitambaa cheupe unakijua mwenyewe ni nguo gani. Hujapewa oda hiyo. Kikirudi, simama uite mtu.

Kuhusu mama watoto, unasema unamhurumia, lakini unamwacha aite majirani kuja kutazama uvimbe. Leo jioni ukivua soksi, mpe futi. Apime mwenyewe, asome namba kwa sauti, kisha umweleze alichokwambia daktari. Atalia, ndiyo, halafu atatafuta viatu vyake akusindikize.

Suti usiikate mpaka maji yashuke. Na ukirudi kuwa Uzi usiogope, atakutambua. Ndiye aliyekuogesha.