Kandambili Juu ya Mswala

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliye mpole kwa waja Wake. Mwanangu, nakusalimu kwa amani, nikitaraji kazi ya ugenini haijakuchosha.

Sisi tu wazima. Paa la jikoni limezibwa. Mama yako aligombana na fundi, kisha akamwandalia chai.

Binti yako Mshale anakuficha jambo. Ni kweli daktari alisema pingili ya mgongo aliyoivunja katika kuruka juu imeunga, nawe ukamhimiza aende kwenye mchujo wa mwezi ujao. Lakini jana alasiri, tulipotaka kuswali, alipanda juu ya mswala akiwa na kandambili moja mguuni.

Nikamkemea, "We mtoto! Viatu mbele ya Mola wako?"

Bibi yake akacheka. "Mwache, huyo anataka kuruka hadi peponi."

Mshale hakucheka. Aliutazama mguu wa kushoto kama wa mtu mwingine. "Babu, nilidhani nimezivua zote mbili."

Nikamfinya kidole cha mguu kwa nguvu. Hakuhisi kitu. Akanishika mkono: "Usimwambie baba. Ameshawatangazia wenzake kazini kwamba nitashinda."

Sikumwahidi. Kesho nampeleka kwa daktari, na kocha nimemwambia asimtarajie. Tangu hapo mtoto hasemi nami, nami nimejawa na hofu. Utakapopiga simu, usianze na mazoezi kama ilivyo desturi yako. Muulize habari za mguu wake.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na wote walio chini ya dari yako.

Baba yako