Kilio Nilichokianza Mapema

Kamembe, Rusizi

Maman,

Jambo sana. Nakuuliza habari ya magoti yako, ya presha na ya ule mguu ulioungua, hata kama najua hutaki kunijibu. Mdogo wangu Bahati alinifikishia neno lako: nisipige simu, sauti yangu isiingie nyumbani mwako kwa kile kidude. Basi naandika kwa mkono, kwa Kiswahili cha kanisa alichotufundisha Papa. Barua hii itabebwa na mume wa jirani yangu, mwenye lori la kwenda huko kwenu Kamituga, kama matope yatamruhusu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nauza vitenge sokoni. Ni aibu, lakini ndiyo kweli.

Hujui mtu niliyekuwa hapa. Asubuhi, hata uso sijanawa, natia foto kwenye statu ya simu, watu wote waione: chai yangu, kitenge kipya, miguu yangu ndani ya viatu. Kisha kutwa nzima nachungulia nani ameona. Jirani yangu wa meza, Maman Neema, akionwa na watu wengi kunishinda, siku yangu imeharibika, eti! Mvua zilipoanza, mama mmoja aliteleza pale darajani, Rusizi ya Pili, na plato zake, trei za mayai. Alikaa chini analia, ute umemjaa hadi kwenye nywele. Sisi wote tulitoa simu. Mimi niliandika chini ya foto, "Omleti ya bure, mukuye na mukate," na watu wakacheka mpaka jioni. Yule mama alikuwa mnunuzi wangu. Hakurudi tena kwenye meza yangu, nami nikamsema kwamba ana maringo.

Alhamisi ile Bahati alinipigia akiwa hospitalini. "Yaya, Papa ameanguka. Kinywa haisemi, mukono ya kushoto imekufa. Dokta anasema tuombe tu." Nililia, Maman, usininyime hilo. Lakini machozi yalikuwa bado mashavuni nilipomkumbuka Solange, binti wa shangazi, kule Bukavu. Solange ana foto nzuri ya Papa, ile ya shati jeupe. Nikasema, huyu atanitangulia, na mimi mtoto wa kwanza nitaonekana nimeambiwa na watu. Nikatafuta foto yangu, nikaweka mshumaa pembeni, nikaandika, "Pumzika kwa amani, Papa wangu." Alikuwa angali anapumua. Nilijua anapumua. Nilisema moyoni kwamba jioni hataiona.

Kazi ya Papa unaijua kuliko mimi. Miaka yote, mtu akifa mtaani, ni yeye katekista aliyetumwa kwa wenye msiba. Anaingia polepole, anaomba maji ya kunywa, anauliza habari ya mbuzi na ya watoto shuleni. Anangoja mama wa nyumba aketi, anaita jirani mmoja wa kumshika, ndipo anasema. Hakuna aliyesikia msiba kwake akiwa amesimama. Na wewe, mke wake, ulikuwa unakoroga uji wa kumpelekea, ukaona wanawake walioiona statu yangu wanamiminika uani wanapiga mayowe, nawe umesimama na mwiko mkononi. Bahati aliniambia sufuria ilikumwagikia mguuni na hukushtuka.

Wakakupeleka hospitalini kwa nyimbo za kilio, na mtu mwenyewe yuko kitandani, macho wazi, anasikia zote kupitia dirisha. Bahati akanipigia kwa hasira, "Toa ile kintu! Papa iko muzima!" Nikasema sawa. Sikuitoa. Pole zilikuwa bado zinaingia, hata za watu waliokuwa hawanisalimii. Niliona haya kuwaambia kwamba hajafa, kana kwamba yeye ndiye aliyeniangusha! Niliiacha hadi kesho yake.

Baada ya siku nne alikufa kweli. Najua Bahati aliingia nyumbani, akaomba maji ya kunywa, nawe ukaketi mwenyewe bila kuambiwa. Alipozunguka mtaani wakamwuliza, "Tena? Papa yenu anakufaka mara ngapi?" Mmoja alitaka kwanza atumiwe foto ya maiti. Waliokuja kumzika walienea kwenye mabenchi mawili, yeye aliyewazika wazazi wao. Hapa nami nilimwambia Maman Neema, akajibu, "Si tulishakupa pole?" Akaendelea kupima kitenge cha mteja.

Ulinikataza nisije kuzika, ukasema nikalie mule nilimolilia kwanza. Sasa siku ya kuondoa kilio inakaribia, nami nakuomba ruhusa nije. Sitaketi na familia. Nitakaa nyuma na wapishi, nioshe masufuria, nirudi.

Nisalimie Bahati, na mke wake anayekufunga mguu. Nisalimie na shangazi, dada wa Papa, hata kama atatema mate akisikia jina langu.

Lakini kabla hujaniruhusu, kuna jambo hulijui, na sitaki kuja nikiwa nimelificha. Ile simu niliyomnunulia Papa ili aone foto zangu ilikuwa chini ya mto wake. Mkono wa kulia ulikuwa bado mzima. Jioni ile ile aliiona statu, na aliniandikia, katikati ya wale wengine wote: "Pole sana, mwanangu." Mimi nilikuwa nawajibu watu mbiombio, maneno yaleyale kwa kila mmoja, majina siyasomi. Niligundua baada ya mazishi, nilipofungua simu nitafute sauti yake. Nilimjibu naye, Maman. Nilimwandikia, "Asante kwa kunifariji, Mungu akubariki," na alama inaonyesha alisoma.

Nangoja neno lako kwa mkono wa dereva.

Mtoto wako wa kwanza,
Nsimire