Pole Sana kwenye Kabati la Spana

Jumatano, 12 Novemba

Saa nne kasoro nimewachukua hotelini Al Sadd, hapa Doha. Mafundi kumi na wawili wa timu ya mbio za magari, mashati ya rangi moja, nyuso za rangi moja pia. Hawajalala vizuri. Kosta yangu imejaa harufu ya sabuni ya hoteli na kimya.

Timu kubwa hii. Kofia zao za bandia bado zinauzwa Kariakoo. Enzi zao walishinda mbio mpaka ikachosha kutazama. Mwaka huu gari lao haliendi. Kwenye kona linateleza, barabara ikinyooka linapitwa. Haya nimeyajua bila kumuuliza mtu. Dereva wa kosta watu humchukulia kama kiti. Kiti hiki kimesikiliza Kiingereza miaka tisa.

Mbele, kando yangu, hukaa Colin, fundi mkuu. Miaka sitini na kitu, mikono mikubwa, maneno machache. Yuko na timu tangu ujana. Ila kuna bosi mpya, mwembamba, tableti haimtoki mkononi, na huku nyuma wananong'ona kwamba Jumapili ikienda vibaya, Colin anaondolewa.

Getini kwenye uwanja wa mbio yuko Wafula, mlinzi, mtu wa Bungoma. Tunalala chumba kimoja. Wafula hupenda kutoa pole. Ukibeba sinia, pole. Ukipiga chafya, pole. Mimi wa Tanga nimezoea, humjibu nimeshapoa na maisha yanaendelea. Leo kainamia dirisha la kosta: "Poleni na kazi, poleni sana." Colin akaniuliza kasema nini.

Hapo ndipo nilipoanza. Kwenye mbio zao, gari linaloanza mbele ya yote husemwa liko "pole". Huandikwa vilevile kama pole yetu, ila wao wanaimeza ile e ya mwisho. Nikamwambia: anawaombea nafasi ya kwanza. Kosta nzima ikacheka, mara ya kwanza tangu watue Doha. Nikajiona mjanja.

Alhamisi, 13 Novemba

Imekuwa desturi. Tukikaribia getini mafundi wanafungua madirisha, joto linaingia lote, wanapaza sauti kama Wafula: pole, pole. Wafula anaitikia, mkono kifuani. Jioni chumbani ananiambia, "Shabani, hawa wazungu unaobeba wako na heshima. Wananipa pole na jua." Sikumsahihisha. Ilikuwa tamu mno kuikatiza.

Wafula anataka wiki hii ipite kimya. Mwezi wa saba alikutwa amesinzia kazini, akapewa onyo la maandishi. Lalamiko moja tena, tiketi ya kurudi kwao. Na mkewe, Nekesa, amepata kazi hotelini kule The Pearl. Anafika tarehe ishirini na tano. Miaka sita ndoa yao iko kwenye simu. Amenunua shuka mpya, za maua, ingawa hajui watazitandika wapi. Namtania shuka zitaingiliwa na nondo kabla ya mke kuja. "Wewe nyamaza, bachela," anasema.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeswali Ijumaa msikiti wa karibu na maegesho. Wafula kakosa kanisa Mesaimeer kwa sababu ya zamu. Kanuna kidogo. Ijumaa ndiyo hukutana na watu wa kwao pale.

Mazoezi. Gari letu la kumi na nane kati ya ishirini. Nimeandika "letu". Siku tatu tu. Colin alirudi kwenye kosta kuchukua miwani aliyoisahau, akakaa dakika nzima bila kuishika.

Baadaye fundi wa matairi kaja getini na selotepu nyeupe pana na kalamu nene. Anataka Wafula amwandikie lile neno la bahati. Wafula akanigeukia. "Wanadai nini hawa?" Nikamwambia wanaomba uwaandikie pole. Kweli tupu. Nimesema kweli kote, isipokuwa pale nilipodanganya.

"Kumbe hata wao wanajua gari imekufa," akasema. Akaandika kwa herufi kubwa, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza: POLE SANA. Ile "sana" kaiongeza yeye, kwa huruma.

Wakaibandika juu ya kabati la spana, katikati ya gereji yao. Nilicheka peke yangu mpaka Al Sadd.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo walikuwa wanatafuta nafasi za kuanzia. Tumepata ya kumi na tisa. Wa ishirini aligonga ukuta.

Kamera ya televisheni ikamkuta Colin ameegemea kabati, mikono kichwani. Juu ya kichwa chake: POLE SANA.

Sijawasha hata injini, dada yangu ameshanitumia picha kutoka Tanga. "Hawa wazungu wamejipa pole wenyewe?" Kisha ikaja kutoka Mombasa. Kisha Muscat. Kisha kwa mtu ambaye sijasema naye tangu tumalize shule. Waswahili wote duniani wanacheka. Nilicheka nao. Halafu nikaona chini ya picha mtu ameweka tafsiri kwa Kiingereza.

Nikaacha kucheka. Nilipaswa kumwambia Colin palepale, njiani. Alikuwa amefumba macho. Nikasema kesho. Nikamwacha na Wafula pia alale.

Jumapili, 16 Novemba

Bosi mpya alitangulia getini. Tulipofika alikuwa amesimama na tableti, picha imejaa kioo. Akauliza nani kaandika. Fundi wa matairi akanyoosha kidole. Wafula akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, mimi. Alidhani anashukuriwa.

Bosi akasema mlinzi huyu kawadhihaki mbele ya dunia nzima. Supavaiza wa walinzi akaitwa. Wafula alipoelewa kuna kosa akajitahidi kueleza, kwa Kiingereza chake cha kukagua buti za magari, kwamba pole maana yake ni sori. "Sori, sir. Sori." Kadiri alivyoeleza neno ndivyo alivyoonekana anaomba msamaha. Na anayeomba msamaha keshakiri.

Mimi nilikuwa kwenye usukani. Hatua ishirini, labda pungufu. Niliona yote kwenye kioo cha pembeni. Dirisha limefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Nikajiambia kampuni hairuhusu dereva kuacha gari injini ikiwaka. Sheria hiyo nimeivunja kila siku kwa ajili ya karaki, chai ya maziwa na iliki.

Wafula alivuliwa kitambulisho shingoni. Alikiinamia kidogo, ili wasipate shida kukivua.

Mbio nimezisikia tu, nje. Katika magari yaliyofika mwisho, letu lilikuwa la mwisho.

Jumatatu, 17 Novemba

Colin kwenda uwanja wa ndege, peke yake. Wenzake wanabaki kufunga vifaa. Wamemwondoa kwa mazungumzo ya dakika tano, baada ya kifungua kinywa.

Nilimwambia tukiwa kwenye taa nyekundu. Yote. Kwamba mimi ndiye niliyetafsiri uongo. Akauliza basi neno lenyewe lina maana gani. Nikasema si kuomba msamaha. Anayelisema hana kosa. Humwambia mwenye mzigo, mgonjwa, mfiwa, ni kama kumshikia mzigo upande mmoja.

Taa ikawaka kijani. Akasema, "Basi katika nchi hii yule mlinzi peke yake ndiye aliyetuambia ukweli kuhusu gari letu."

Kisha akaniuliza kwa nini jana sikushuka. Nikatazama kioo cha pembeni.

Akaandika barua juu ya goti lake, karatasi ya hoteli, kwamba mlinzi hana kosa. Akatia sahihi, na cheo chini yake: fundi mkuu. Nimeipeleka mbio kwa supavaiza. Akapiga simu kwa timu kuhakikisha. Wakamjibu cheo hicho hana tena tangu asubuhi. Nikamwambia aandike basi kwamba kosa ni langu, dereva. Akacheka kidogo. Karatasi ya Wafula imeshapanda juu, akasema. Khalas, yamekwisha. Ungekuja jana.

Ungekuja jana.

Alhamisi, 20 Novemba

Siku tatu nimekuwa nikimkwepa ndani ya chumba chenye vitanda vinne. Ni kazi ngumu. Leo asubuhi alikuwa anafunga sanduku. Nikakaa kitandani kwangu nikamwambia yote.

Hakusimamisha mikono. Alikunja shati, akalilaza, akalipiga kofi kuondoa mikunjo.

"Sasa pale getini. Ulikuwa unasikia?"

"Nilisikia."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Akachukua shati jingine. Nilimtaka anitukane. Wafula ana matusi mazuri, ya Kibukusu, marefu. Hakutumia hata moja. Alisema tu, "Si ungeshuka, Shabani. Hata kama ungenyamaza. Ungeshuka tu tusimame wawili."

Nimeandika kama alivyosema. Nimeyasoma mara nyingi leo.

Shuka za maua hazikuingia sandukuni. Ameniachia. "Nekesa akuje azikute. Wewe ndiye utampokea, hana mtu mwingine huku." Watakuwa pamoja Bungoma siku nne, kisha mke anapanda ndege. Hakunikumbatia alipoondoka. Alinipa mkono, mara moja, kama mtu wa ofisi.

Jumanne, 25 Novemba

Nimempokea Nekesa saa nane mchana. Mdogo kuliko kwenye picha. Koti zito, hakuna aliyemwambia kuhusu joto. Alinitambua yeye kwanza. Akasema, "Shemeji Shabani? Wafula aliniambia wewe ni ndugu yake huku."

Ya getini hakumwambia. Nilitafuta usoni pake, nikatafuta tena. Hajui. Kwake ni mkataba tu ulikwisha.

Njiani aliuliza majina ya majengo. Mengi siyajui, nikayabuni. Kisha nikaona aibu, nikamwambia hilo na lile nimebuni, sijui kwa kweli. Akacheka.

Pale The Pearl nilimshushia mfuko wa shuka na sanduku lake. Sijui kabeba nini, unga labda. Lilinikwama mlangoni mwa nyumba ya wafanyakazi, nikalivuta kwa mikono miwili.

"Pole, shemeji," akasema. Akashika upande wa pili.

Kwetu hujibiwa nimeshapoa. Nikasema asante. Tukalipandisha ngazi pamoja, polepole, yeye mbele.