Kifungulio na ndala

Shoga, nimejifungia chooni kwa kaka.

Karudi kazini kanuna, salamu hakuna. Kabla hajakaa, binti yake mdogo kamletea ndala. Halafu kifungulio cha chupa. Na hakutumwa na mtu. Hakutumwa, shoga.

Tukacheka. Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Baba akinywa ananibeba."

Ananibeba. Kama sisi na marehemu baba, mpaka tusikie kizibo cha chupa yake kikifunguka ndiyo tutoke chumbani.

Kaka akatia kifungulio mfukoni, akamwambia taratibu, "Leo sinywi, mwanangu. Njoo nikubebe."

Mtoto akarudi kinyumenyume, akanishika gauni.

Ndiye huyu anabisha mlangoni sasa hivi. Hataki kubaki na baba yake.