Chumvi Kidogo kwa Fimbo ya Mjomba Laurenti

Shikamoo Mjomba,

Kwanza nikupe habari njema: kuanzia Rusumo mpaka huku kwetu Ntobeye hakuna mvuvi anayenifikia. Sijisifu, nasema ukweli. Nikishuka bondeni asubuhi, samaki wa mto Ruvuvu wanajipanga mstari kama wanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu, wadogo mbele, wakubwa nyuma, mimi nachagua tu. Viboko wananipisha. Juzi mmoja alitaka tusalimiane, nikamwambia nina haraka.

Najua ungesema nini. "Didasi, mdomo wako ungekuwa ndoano, tungeshiba."

Haya. Nakuandikia kwa kalamu ya Devota, binti yako. Ameshanicheka kwamba mtu aliyekimbia shule kidato cha pili anaandika barua ndefu hivi kwa mtu ambaye hatamjibu. Nikamwambia hata ulipokuwa hai hukuwa mwepesi wa kujibu. Akacheka tena, halafu akaingia jikoni akakaa huko muda.

Kiangazi kimerudi. Ule ukungu umelala bondeni mpaka huoni migomba ya jirani, na baridi ni ya kuvaa sweta juu ya sweta. Maji yamepungua, yametandaa juu ya yale majani mafupi, hayafiki magotini, na jua likichomoza unaona hadi chini. Maji ya kutembea. Msimu wetu. Nilipoyaona mara ya kwanza mwaka huu nilisimamisha baiskeli kule juu kilimani, nikakusubiri. Hivi hivi tu, kama mjinga, nikasubiri ukohoe nyuma yangu.

Habari ya fimbo yako ya kuvulia ni hii, usikasirike. Baada ya matanga Mama Devota aliitumia kuangulia maparachichi. Mkeo huyo! Fimbo aliyokuachia yule mzungu aliyekuja kujenga barabara, uliyemlindia nyumba. Fimbo nyepesi kama unyasi, inayopinda mpaka ncha inataka kugusa maji, yeye anapigia maparachichi! Nilipomwambia kwamba hii ni ya kuvulia samaki wa baharini akanijibu, "Basi ipeleke huko baharini. Hapa tunakula parachichi." Lakini alinipa. Aliifuta kwanza kwa kanga yake, taratibu, kutoka juu mpaka kwenye mshikio, ndipo akanipa.

Unakumbuka yule mzungu alivyosema? Kwamba kwao watu huingia baharini kwa miguu wakati wa baridi, kwenye maji ya kina kifupi, wakarusha mdudu wa manyoya, ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, badala ya chambo. Na kwamba fimbo ile imetengenezwa kwa maji ya chumvi. Wewe ukalipokea neno hilo kama Injili. Tangu siku hiyo hukuingia Ruvuvu bila chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, ukainyunyiza kidogo mbele yako kabla ya kurusha. "Isione ugeni," ulisema. Nikakuuliza kama tuongeze nyanya na kitunguu, tumalizane na mchuzi hapo hapo. Ulinirushia kandambili. Ikaelea, tukaikimbiza mpaka kwa wachota maji, nao wakacheka mpaka wakaweka ndoo chini.

Hatukuwahi kuiona bahari, Mjomba. Ulisema tutakwenda, kahawa ikikubali.

Siku hizi mimi ndiye ninayebeba chumvi. Wachota maji wananiuliza leo napika nini, nawaambia nina wageni. Lakini nikiwa nainyunyiza sicheki. Nilikuwa sijui kwamba inanata vidoleni namna ile, na kwamba ukijifuta mdomo unashinda na ladha yake siku nzima. Kumbe ulikuwa unashinda nayo.

Nimejifunza kurusha. Hili si majigambo, muulize Devota. Nyuma, subiri, mbele. Ule uzi wa kijani unanyooka juu ya maji bila hata kuyaamsha. "Subiri nyuma! Unakimbizwa na nani?" Bado nakusikia, na siku hizi nasubiri.

Sasa habari yenyewe. Diwani. Yule kambale wetu mwenye mkia uliochanika, uliyempa cheo hicho kwa sababu anaonekana msimu mmoja halafu anapotea. Mdudu wako wa mwisho ulimfunga kwa ajili yake, ukiwa kitandani, kifua kimekubana, kwa unyoya wa shingo ya jogoo wako mwekundu na uzi uliouchomoa kwenye sweta langu bila hata kuniomba. "Huyu ni wa Diwani," ulisema. "Usimpe mwingine." Nikakuahidi kwamba nitamleta Diwani mpaka mlangoni kwako umwone. Mvua zikaanza. Ukaondoka kabla maji hayajapungua.

Nilimtunza mdudu huyo kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Alhamisi nilimtoa.

Nikanyunyiza chumvi. Nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Nikamwona, ule mkia unatikisa majani pole pole, kama mzee anayetafuta ndala chini ya kitanda. Nikarusha. Nyuma, nikasubiri, mbele. Mdudu akatua mbele ya sharubu zake kana kwamba ameletewa kwenye sahani. Mjomba, alimeza! Fimbo ikapinda, uzi ukachana maji, nikampeleka huku, akanipeleka kule. Wachota maji waliacha ndoo zao wakaja ukingoni kupiga vigelegele. Akachoka. Akageuka, nikaliona tumbo, jeupe, karibu kabisa na miguu yangu.

Halafu hakuwepo.

Nyumbani nimewaambia uzi ulikatika. Uzi ni wa zamani, wote wamekubali. Mama naye, na unavyomjua dada yako asivyosifu mtu, amesema hata Laurenti angemkosa.

Sasa nafunga wadudu mwenyewe. Wa kwanza Devota aliuliza kama ni brashi ya viatu. Jogoo wako akiniona anakimbia, maana shingo yake imeanza kuota upara. Nakuahidi hivi: kila kiangazi nitashuka bondeni na fimbo yako na chumvi yako, wacheke wanavyotaka. Na siku nitakayofika baharini, nitayaonja yale maji kwanza, kisha nitarusha uzi kwa niaba yako, bila kunyunyiza kitu. Fimbo itajua iko kwao.

Lala salama, Mjomba. Kaburi lako tumeling'olea majani. Mama Devota amepanda maua ambayo hata yeye hayajui jina.

Ila uzi haukukatika. Uko mzima, na mdudu wako ninaye koponi, unyoya umejikunja kidogo tu. Ulinifundisha, "Ukimnasa, usinitazame mimi. Mtazame samaki. Mimi nipo hapa hapa nyuma yako." Nilijua hivyo. Lakini lile tumbo lilipogeuka nilipiga kelele, "Mjomba, mwone!" nikageuka kukuonyesha, na mkono ukalegea. Nikabaki natazama pale ukingoni ulipokuwa unasimamaga, mpaka maji yakatulia nyuma yangu.