Nimeikimbiza RAM, Sasa Mama Mkwe Anafunga Mzigo

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi asubuhi mama mkwe wangu anapanda basi kurudi kwake, na anaondoka kwa kosa ambalo si lake, ni langu, ila nyumba nzima inadhani ni lake na hata yeye mwenyewe ameshaamini hivyo.

Mimi ni seremala, nina karakana nyuma ya nyumba na kazi yangu hasa ni makabati ya jikoni, na wateja wa siku hizi hawataki tena uwachoree kwenye kipande cha boksi, wanataka walione kabati kwenye kompyuta, walizungushe, wafungue droo ambazo hazijatengenezwa, basi nikanunua kompyuta ya mezani iliyotumika tukaiweka sebuleni, mchana naitumia mimi, jioni anaitumia mke wangu ambaye ni muuguzi na anasomea shahada kwa mtandao. Sasa ikawa nzito, nikizungusha kabati inafikiri weee mpaka mteja anaanza kuangalia saa, ndipo mpiga rangi wangu, tunamwita Vanishi, ambaye hutazama video za mambo haya akisubiri rangi ikauke, akaniambia shida ni RAM, kwamba RAM ni kama meza ya karakana, ndipo kompyuta inapotandaza kazi ya sasa hivi, na meza ikiwa ndogo fundi anafanyia kazi magotini. Hapo nilimwelewa sana.

Shangazi, mimi sikati hata mguu wa kigoda bila futi kamba mkononi, lakini dukani nilikwenda mikono mitupu nikasema nipeni RAM nzuri, nikapewa moja inayowaka taa, nikafika nayo nyumbani ikakataa kuingia kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, yaani kile kipengo chake kimepishana na kijigingi cha pale inapochomekwa, kwa milimita chache tu, na milimita chache kwa seremala si kitu, nikachukua tupa. Naomba nisieleze zaidi.

Ya pili niliuliza, nikapata ya kizazi kinachoingia kwenye mazabodi yangu, ila hii mpya kasi yake ni 3200 na ile ya zamani iliyokuja na kompyuta ni 2400, zikiwa pamoja zote zinatembea mwendo wa ile ya polepole, nikaona nimedhulumiwa. Jumapili moja mchana mke wangu yuko zamu, mama mkwe yuko uani anaanika nguo za mtoto, mimi na Vanishi tukaingia kwenye ile skrini ya mipangilio inayofunguka kabla kompyuta haijawaka sawasawa, tukazilazimisha zote mbili ziende 3200, ikagoma, tukaongeza volti kidogo, ikawaka, tukapeana mikono.

Tangu siku hiyo kompyuta inazimika ovyo, skrini inageuka bluu katikati ya somo la mke wangu, na wiki iliyopita ripoti yake ya utafiti, kurasa arobaini, ilikataa kufunguka. Akauliza nani amegusa kompyuta. Shangazi, ulimi hauna mfupa, nikajisikia nikisema, "Muulize mama, si ndiye huifutafuta kila siku." Mama mkwe huifuta vumbi kweli, na huifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Akasema, "Nilipitisha kitambaa kikavu tu, mwanangu." Mke wangu hakumgombeza, alimchukua mtoto akaingia chumbani, na afadhali angegombeza.

Sasa mama akipita sebuleni na mtoto mgongoni anaambaa ukuta wa upande wa pili, na juzi aliniita akaniambia, "Baba, nisamehe, nimewaharibia kazi. Mikono yangu haifai tena kwenye nyumba za vijana." Aliniomba msamaha mimi. Nilitoka nikaenda kupiga randa ubao ambao ulikuwa umeshapigwa.

Alikuja kutulelea mtoto ili mke wangu amalize masomo, akiondoka masomo yanasimama. Swali langu ni hili: niongeze volti kidogo tena ili itulie, au ninunue RAM nyingine kimyakimya, kompyuta ipone yenyewe na maneno yaishe? Vanishi anasema niongeze.

Ni mimi,
Seremala Mwenye Aibu

*

Marahaba, Seremala.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuniangalia, pale kwenye tupa. Mara ya pili nilifika kwa mama mkwe na kicheko kikaisha. Umeniandikia habari ndefu ili uniulize kuhusu volti, na wewe unajua fika kwamba shida yako si volti.

Hata hivyo mashine nayo ina haki zake, kwa hiyo niliteremka ghorofa ya chini kwa mama mmoja fundi wa kompyuta. Nilipomwambia kuhusu tupa aliniomba nirudie, kisha akavuta kiti. Anasema kile kipengo kimewekwa pale makusudi, ili RAM ya kizazi kingine isiingie hata mtu akiwa mkaidi. Hakujua kuna maseremala.

Anasema hivi. Usiongeze volti hata chembe. Rudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani, chomoa hiyo RAM mpya, uiache ile ya zamani peke yake, kisha endesha jaribio la RAM mpaka limalize bila kosa hata moja. Kompyuta kuwaka si ushahidi kwamba ni nzima. Inaweza kuwaka huku inachanganya kila inachoandikiwa, na ndivyo ripoti ya mke wako ilivyoharibika. Ukitaka kuongeza, soma kwanza kitabu cha mazabodi yako ujue inapokea kizazi gani na kasi gani, halafu nunua mbili zilizofungwa pakiti moja, na uchague ile kasi iliyopangwa tayari na aliyezitengeneza. Za kuokoteza, moja huku moja kule, ukizilazimisha mbio moja, ndiyo hayo. Sikutajii methali ya haraka, unaijua tangu utoto. Ripoti nayo itafutwe kwenye barua pepe alizomtumia mwalimu wake. Kitambaa kitolewe kompyuta ikiwa imewashwa, ipumue, lakini fundi amesisitiza nikuandikie: kitambaa hakikufanya hili.

Haya, tuje kwako. Wewe ni mtu mzima ovyo. Mwanamke ameacha nyumba yake aje kubeba mtoto wako mgongoni, nawe ukamtwisha na kosa lako juu ya mtoto. Halafu unataka kununua RAM kimyakimya "maneno yaishe". Yataisha kwako. Yeye atarudi kwake akiwa na hakika kwamba amezeeka vibaya, na hatashika tena kitu cha mtu mwingine bila kuogopa. Hilo ndilo ulilomfanyia, na linaniuma mimi nisiyemjua.

Kwa hiyo kabla hujagusa skrubu hata moja, waite mke wako na mama yake wakae pamoja. Vanishi abaki karakana. Usiseme "kulitokea hitilafu". Sema "mimi niliharibu, na nikakusingizia wewe, mama", kwa maneno hayohayo, ukimwangalia. Mke wako atakasirika. Mwache akasirike, anastahili, na usimkatize kwa kumweleza habari za kasi. Mama akiamua kusafiri hata baada ya hapo, ni haki yake, nawe utambebea begi mpaka kituoni. Ila asiondoke akidhani mikono yake ina ubaya.

Najua unasoma haya karakana, umeketi juu ya mbao. Kunja gazeti uende ndani sasa hivi, kabla hajamaliza kufunga hilo begi.