Mwana wa Mwisho wa Mfalme

Jumatatu, 4 Juni 1979

Wateja wawili tu mezani pangu pa kuandikia watu barua, ng'ambo ya soko la Gikomba. Mmoja ni mjane anayeomba asifukuzwe kibandani mwake. Alitaka niandike kwa ukali. Nilimweleza kwamba ombi halipigi kelele. Ombi husimama wima na kuvua kofia. Akasema, "Basi livue, Mzee, lakini lipige kelele kidogo."

Baadaye nilisoma. Ni kitabu cha maisha ya yule mfalme wa Uingereza aliyekuwa na kigugumizi. Nilikipata katika rundo la mitumba pamoja na vingine viwili vya ukoo huo huo. Mama Njeri, muuza makaa, alipita akaniuliza kama Malkia ameshanialika chai. Nasoma kwa sababu maalumu. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu wakwe wataleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya binti yangu mkubwa, Kalondu. Kwa desturi yetu Wakamba, mbuzi akishachinjwa, msichana ameolewa. Nitahutubia. Nataka kujua jinsi nyumba kubwa inavyopokea wageni.

Jumanne, 5 Juni

Mwende, binti yangu mdogo, ameondoka kwa basi la asubuhi. Mdogo wangu amempeleka Machakos kwa mama yetu. Ana miaka tisa. Ana kifafa. Atakaa huko hadi shughuli ya dada yake ipite. Uamuzi ni wangu. Upande wa mvulana wakimwona akianguka, watasema ugonjwa umo katika damu yetu, na Kalondu atabaki nyumbani.

Mke wangu, Syombua, hakuja kituoni. Mwende aliuliza kama atarudi kabla nyama haijaisha. Nikasema suala hilo litaangaliwa. Kumjibu mtoto hivyo! Hiyo ni lugha ya maofisini.

Ijumaa, 8 Juni

Nimeanza hotuba. "Waheshimiwa wageni wetu, kwa furaha na unyenyekevu mkubwa." Mwanzo mzuri. Sentensi ya pili inataja watoto wangu. Nimeiacha wazi.

Jumapili, 10 Juni

Baada ya ibada nimesoma sura ya utoto wa mfalme. Kumbe alikuwa na ndugu mdogo, kitinda mimba. Alikuwa anaanguka. Kifafa. Wazazi wake, mfalme na malkia wa wakati ule, walimweka katika nyumba ya shambani pamoja na yaya. Alipewa bustani yake mwenyewe.

Nilifarijika sana, sifichi. Nikamwambia Syombua: hata wafalme walifanya hivyo. Aliendelea kuchambua mchele. Akauliza, "Halafu ikawaje?" Nikasema sijafika huko.

Jumatatu, 11 Juni

Nimefika. Mtoto alifariki usingizini akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwandishi amempa aya mbili, kisha anaendelea na mambo ya jeshi la majini.

Sijamwambia Syombua.

Jumatano, 13 Juni

Nimekipekua kitabu cha pili, kile cha kaka yao aliyekiacha kiti cha enzi kwa ajili ya mwanamke. Nilikuwa namtafuta yule mtoto. Yumo katika sentensi moja. Kuna picha ya familia: wana wa mfalme wamepangwa kwa kimo, na mdogo yuko pembeni, suti ya baharia. Picha zinazofuata, hayupo. Waliobaki wamesimama bila nafasi yoyote kati yao, kana kwamba hakuna aliyewahi kusimama hapo.

Nimepatwa na jambo lisilofaa kwa mtu wa umri wangu. Nilipokuwa nikimwandikia fundi seremala ombi lake, mchana, soko limejaa, nilisikia visigino vikigonga sakafu. Vile Mwende anavyogonga akianguka. Chini ya meza yangu ni udongo mtupu. Fundi akauliza, "Vipi, Mzee, umemwona jini?"

Alhamisi, 14 Juni

Kitabu cha tatu, maisha ya mama yao malkia. Hayumo kabisa. Nimesoma orodha ya majina nyuma ya kitabu. Mbwa yumo.

Jumamosi, 16 Juni

Hotuba imekamilika. "Mungu ametujalia, mimi na mke wangu, watoto watatu." Sentensi haina kosa. Nilipoisoma kwa sauti, Kalondu alitoka nje. Wadogo zake wawili waliobaki nyumbani walitazamana.

Jumanne, 19 Juni

Mdogo wangu amerudi na habari. Mwende ameanguka karibu na meko ya bibi yake. Mkono wa kushoto umeungua hadi kiwikoni. Zahanati wamemfunga bendeji. Mama yangu ni mzee, hawezi kumshika mtoto wa miaka tisa.

Syombua amefunga kanga ya safari. Nilimzuia. Nikasema zimebaki siku chache, wageni wakimkosa mama wa nyumba watauliza. Akakaa chini. Akasema, "Sawa, Mfalme."

Alhamisi, 21 Juni

Yule mtoto wa suti ya baharia yuko nyumbani mwangu. Simwoni hasa. Naona mahali alipo. Leo alikuwa kwenye kigoda cha Mwende, saa ya chakula cha mchana, na uso wake ulikuwa wa Mwende. Sikula. Naogopa. Namwogopa mtoto mgonjwa aliyekufa zamani katika nchi ambayo sijawahi kuiona.

Jumamosi, 23 Juni

Wamekuja. Mbuzi watatu walipitishwa kati ya nyumba za mtaa, na Mama Njeri akapiga vigelegele ingawa desturi si yake. Kioko, mchumba wa Kalondu, alivaa tai. Pamoja naye walikuwa mjomba wake, msemaji wa upande wao, na bibi yake, ambaye macho yamefifia.

Nilihutubia. Nilisema watoto watatu. Walipiga makofi.

Kisha bibi akaomba watoto wa nyumba waje wamsalimie. Alimshika mkono Kalondu, akambariki. Akamshika wa pili. Akamshika wa tatu. Halafu akaunyoosha mkono tena. Hakujua lolote, hakuwa anatuhesabu. Alidhani tu kwamba nyumba bado ina mtoto. Mkono wake ulibaki hewani, unangoja, na hakuna aliyeusogelea.

Nikasikia sauti yangu: "Yuko mwingine."

Mjomba alicheka kwanza. "Mzee Mutua, mtu husahau mwavuli. Mtoto naye husahauliwa?"

Nikasema hakusahauliwa. Amefichwa. Nimemficha mimi. Ana kifafa, na mkono wake umeungua kwa sababu yangu. Nilisema hivyo tu, bila mapambo. Sina hakika kama nilisimama au niliketi.

Walitoka kushauriana. Mjomba akarudi peke yake, akasema kwa adabu kwamba shughuli ingoje. Mbuzi walifunguliwa wakarudishwa kwa njia ile ile. Safari hii hakuna aliyepiga vigelegele.

Kalondu aliniambia, "Baba, ungesema mapema, nisingevaa hivi." Hakulia. Afadhali angelia.

Jumapili, 24 Juni

Machakos, mimi na Syombua. Mwende alikuwa ameketi kivulini kwa bibi yake, bendeji imechafuka. Alinisalimia kwa heshima, kama anavyosalimiwa mgeni. Ndani ya basi alilala mapajani mwa mama yake. Nilibeba begi.

Alhamisi, 28 Juni

Upande wa Kioko hawajaleta neno. Jioni alikuja yeye mwenyewe, bila mjomba. Alikunywa chai. Alimwuliza Mwende kama mkono unauma. Hakutaja mbuzi, nami sikuthubutu. Kalondu alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akaosha vikombe.

Jumamosi, 30 Juni

Leo sikwenda mezani.

Asubuhi Mwende aliomba kwenda bombani na dada yake. Niliwafuata. Foleni ilikuwa ndefu, mtaa mzima uko pale na ndoo zake. Akaanguka. Wanawake walirudi nyuma. Nilivua koti nikaliweka chini ya kichwa chake, nikamgeuza ubavu, nikakaa kwenye matope kando yake. Mtu fulani akauliza huyu ni mtoto wa nani. Nikasema ni wangu, wa mwisho, anaitwa Mwende.

Ilipita. Alilala kidogo, mkono wake wa kulia, ule mzima, ndani ya wangu. Maji yaliendelea kutoka bombani. Kalondu alisogeza ndoo yetu mbele, kwa sababu zamu yetu ilikuwa imefika.